Vidole Vinne vya Kiramba

Sifa, mwanangu, mama yangu,

Sitakuandikia habari ya kuchemsha maji ya kunywa, wala ya kukaa katikati ya mashua na si pembeni, wala ya kumwamkia shangazi yako kila asubuhi hata kama hajibu. Hayo mama yako amekwisha kukuambia mara tatu, na mara ya tatu alikuwa anakufokea kana kwamba umeshayakosea. Kesho unakwenda Kalemie kusomea ukunga. Mimi nina neno moja tu la kukupa. Nimelikalia miaka minane, na likibaki tumboni mwangu utapanda mashua na mzigo ambao si wako.

Nivumilie na Kiswahili changu. Kalamu nilifundishwa na mapadri, kwa hiyo nikiandika nakuwa kama mtu anayesoma somo kanisani. Lakini watu nitakaowataja humu nitawaacha waseme kwa vinywa vyao, kwa sababu siku ile wao walisema, mi nilinyamaza.

Neno lenyewe ni la siku aliyouawa kaka yako Wilondja. Najua unavyoijua siku hiyo. Ulikuwa na miaka minane, una homa na kile kikohozi cha kubana kifua, tumekuficha nyuma ya matita ya nyuzi katika kibanda changu cha kufumia. Unaamini kwamba ulikohoa, wenye bunduki wakakusikia, wakaja, wakamuua. Mama yako aliamini vilevile. Hakuna aliyekutukana kwa hilo, lakini hakuna aliyekusamehe pia, maana kwetu hapa tumelala nalo na kula nalo bila kulitaja.

Sifa, hawakuja kwa kikohozi chako. Nitakuambia walikuja kwa nini. Lakini niache nianzie mbali kidogo, kwa sababu nikianzia hapo hapo najijua, nitaikunja barua hii niitie motoni.

Hapa Baraka watu wananijua kama yule mzee wa kushona nyavu za wavuvi. Hawajui kwamba mikono hii ilikuwa ya viramba. Wewe unakumbuka kiramba kwa vidole tu, ile nguo ya nyuzi za rafia, ngumu ikiwa mpya, laini ikishachakaa, yenye harufu ya majani makavu. Vijana wa leo wanaiita nguo ya nyasi na wanacheka. Acha wacheke. Wazungu waliokuwa wanapita zamani walikuwa wanaishika wakisema ni nguo ya amani, sijui ya mababu, wakipiga picha. Amani gani? Nguo ile ilikuja kwetu na damu.

Babu wa baba yangu alikuwa mfumaji kule magharibi, kwenye misitu ya upande wa Kasongo, wakati kiramba kilikuwa ndicho mali. Ulioa kwa viramba. Ulipoua mtu, ulilipa damu yake kwa viramba. Wakaja wateka watu. Wengine waliwafunga shingo kwenye magogo wawapeleke ziwani, ila yeye walimwacha mikono huru, kwa sababu walitaka aendelee kufuma kila walipopiga kambi. Alifuma na kamba shingoni. Walipokaribia ziwa, siku moja mlinzi wake alisinzia, naye akachukua upanga wa mti, yaani ule ubao mrefu mzito tunaogongea nyuzi zikae, akampiga nao nyuma ya sikio mpaka akaacha kutikisika. Ndipo akapanda mlima, akaoa kwa Babembe, watu wa huko, akawa Mubembe. Upanga ule ule ndio uliokuwa kibandani kwangu. Baba yangu alinionyesha doa jeusi penye mpini akasema ni damu ya yule mlinzi. Pengine ulikuwa moshi tu, lakini tulijivunia sana.

Kazi yenyewe ni ya subira na ubishi. Unakata jani changa la mti wa rafia, lile la katikati ambalo halijafunguka, na unakata moja tu, maana ukikata yote mti unakufa. Unavua ngozi yake, unaianika, unaichana kwa ukucha mpaka iwe uzi. Uzi wa rafia hausokotwi wala hauungwi, kwa hiyo kiramba hakizidi urefu wa jani lililokizaa. Unafunga nyuzi za kusimama, mtande, juu na chini kwenye miti miwili. Unakaa chini, unapitisha uzi wa kulala, mshindio, mmoja mmoja, na kila ukipitisha unagonga kwa upanga wa mti. Po! Unapitisha mwingine. Po! Usipogonga kwa nguvu umefuma wavu. Wazee wetu walikuwa hawakitazami kiramba kwanza, walikuwa wanakisikiliza. Wako kijiji cha pili, wanasema: "Huyu anafuma." Au wanasema: "Huyu anacheza."

Baba yangu alinifundisha kwa kipigo. Uzi ukilegea anageuza upanga ananigonga vidole, ndiyo maana hiki cha kati hakikunji mpaka leo. Nami nikamfundisha Wilondja hivyo hivyo, nikisema ni mapenzi. Kuna siku, akiwa tayari kijana mwenye ndevu, aliniambia, "Papa, we unapendaka nguo kupita batu." Nikamgonga tena. Nilidhani ni ukaidi. Alikuwa ananipa habari yangu.

Na wewe. Ukiwa na miaka sita ulikuwa unachana nyuzi nyembamba kuliko mtu yeyote pale kijijini, nikiwemo mimi. Ukaniuliza, "Papa, na miye nitafuma?" Nikasema mwanamke akifuma miti ya rafia inakauka. Ulilia mpaka ukalala. Basi nikuambie: miti yetu ilikauka yote, Sifa, na hakuna mwanamke aliyekaa chini kufuma. Waliikata watu wenye njaa, mwaka ule wa vita ya pili, wakala mioyo yake. Niliyokuambia ni uongo niliopewa na baba yangu nikaupitisha bila kuutazama.

Sasa nije kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa vita ya kwanza. Tulikuwa bado kijijini, juu ya Swima, mwendo wa saa moja kutoka ziwani. Babu yako, baba wa mama yako, alikufa kwa uzee, kitandani mwake, jambo ambalo mwaka ule lilikuwa bahati. Kwetu, mzee akiwa na mkwe mfumaji, mkwe ndiye anamfunika. Kiramba kimoja, kisicho na urembo, kifumwe baada ya kufa na si kabla. Na mtande wa maiti ukishafungwa hauachwi mpaka uzi wa mwisho. Utakula hapo, utalala hapo, lakini huondoki. Wazee walisema nguo ya maiti ikiachwa wazi inatafuta mtu mwingine wa kumfunika.

Nilifunga mtande asubuhi. Mchana watu wakaanza kupita mbio wakitokea chini, na magodoro, na mbuzi, bibi mmoja amebebwa kwenye kiti. "Bamefika Swima! Banaua!" Mwanamume mmoja alikuwa ameshika taya lake kwa mikono miwili kwa sababu halikuwa linashikwa na kitu kingine. Alinitazama nikigonga, akataka kusema kitu, akashindwa, akaendelea na njia.

Mama yako alikuja mlangoni amemshika bibi yako mkono.

"Papa Wilondja, twende."

"Siwezi kuacha mutande."

"Baba yangu amesha kufa. Hawezi kufa tena."

"Ukibakia wazi utatafuta mutu."

"Basi utafute! Twende!"

Nikamjibu neno moja ambalo lilimfunga mdomo. Nilisema, "Unataka baba yako azikwe kama imbwa?" Mtu hawezi kujibu hilo mbele ya mama yake mzazi. Wewe ulikuwa unaungua homa, huwezi kupanda mlima, nikasema ubaki nami, tutafuata kesho. Wilondja alikuwa na miaka kumi na minane, ana mchumba, ana miguu ya kukimbia. Hakubaki kwa ajili ya kiramba. Alisema, "Siwezi kukuacha peke yako na mutoto mugonjwa, Papa." Mama yako akaondoka na bibi, akigeuka nyuma kila hatua tatu.

Tulifuma mpaka giza likatuzuia, tukaanza tena kulipopambazuka. Jua lilikuwa halijapanda sana waliposikika. Walipita barabara ya chini, wanapiga risasi, wanaimba. Nyumba za upande ule zikaanza kuungua. Tulisikia mtu anaomba, kisha hatukumsikia. Niliacha kugonga. Tulikaa pale, Wilondja na mimi, tukisikilizana pumzi, nawe umelala nyuma ya matita, homa imekuzamisha. Hukusikia lolote. Na wao hawakugeuka. Sauti zao zikaenda zikipungua kuelekea Fizi mpaka tukasikia kuku.

Walikuwa wamepita, Sifa. Sikia vizuri hapo. Walikuwa wamekwisha kupita.

Wilondja akanong'ona, "Papa, bamepita. Nibebe Sifa, tukimbie mulimani."

Nikapima mtande kwa mkono. Vilibaki vidole vinne. Kiramba cha siku moja na nusu, vimebaki vidole vinne tu.

"Inabakia kidogo," nikasema.

"Papa, acha."

"Vidole vine."

"Papa, nakuomba." Akaweka mkono wake juu ya mtande ili nisipitishe uzi. Nikauinua upanga nikampiga nao juu ya mkono. Hakulia. Aliutoa taratibu, akauweka kwapani, akanitazama. Ndivyo nilivyomgusa mwanangu mara ya mwisho akiwa mzima.

Nikaanza. Po! Po! Ningeweza kuzibana nyuzi kwa vidole, polepole, nguo ingelegea kidogo mwishoni na hakuna maiti ambaye angelalamika. Sikufanya hivyo. Niligonga kama ninavyogonga siku zote, kwa nguvu, kwa sababu sikutaka watu waseme kiramba cha baba mkwe wangu kililegea. Watu gani? Kijiji kizima kilikuwa kitupu! Hapakuwa na sauti nyingine toka kwetu mpaka ziwani, ila mjinga mmoja anagonga mti.

Vilipobaki vidole viwili hivi tukasikia hatua. Niliuweka upanga chini. Ukalala katikati yetu, kati ya goti langu na goti lake.

Walikuwa wanne. Walisimama mlangoni wakaziba mwanga. Hapo ndipo ulipokohoa. Ndiyo, ulikohoa, hukuota. Ulikohoa wakiwa wameshasimama mlangoni, wamekwisha kutuona, bunduki zimekwisha kututazama. Mmoja alisukuma matita kwa mguu, akakuona, akasema, "Ni mutoto," akakuacha. Ndiyo kazi yote iliyofanywa na kikohozi chako siku ile.

Mkubwa wao hakukujali hata kidogo. Alitaka kitu kingine. Akauliza:

"Nani iko anapiga ngoma?"

Akaingia ndani hatua moja.

"Munaita benzenu ya mulimani, eh? Nani iko anapiga?"

Walidhani ni ngoma ya kuwaita wapiganaji. Mtu asiyejua kufuma, anasikia mti unagongwa katika kijiji kilichokimbiwa, atadhani nini? Niliuona mtande mbele yangu, niliuona upanga chini, nilijua jibu. Kinywa changu kilikuwa wazi. Nilikihisi kiko wazi. Hakuna kilichotoka.

Wilondja akasema, "Ni miye. Ni miye njo nilikuwa napiga. Huyu muzee hasikiake muzuri, hajue kitu."

Hasikii vizuri! Mimi ambaye nilikuwa nasikia uzi mmoja ukilegea. Alibuni uongo huo papo hapo, kwa ajili yangu, na mkono wake bado umevimba nilipompiga.

Waliuokota upanga. Waliilaza mikono yake juu ya gogo la chini la kufumia, wakavunja vidole kimoja kimoja, wakisema asipige tena. Alipiga kelele kwa kile cha kwanza na cha pili, baadaye hakuwa na kelele. Mi nilikuwa nimekaa pale pale, miguu imekunjwa chini ya mtande kama mtu anayefanya kazi. Kisha wakamtoa nje. Hawakutumia risasi. Nilisikia yote tangu mwanzo mpaka mwisho, na hilo sitakuandikia. Si kwamba huwezi kulibeba. Ni lake, liachwe kwake.

Wa mwisho kuondoka aligeuka mlangoni akaniambia, "Bakia muzuri, papa." Aliniita papa. Kiswahili chake kilikuwa kama changu na chako. Kwa hiyo watu wakikuuliza Kalemie, na watakuuliza, walikuwa wa kabila gani, waambie baba yako aliwaona kwa macho na hajui.

Walipokwisha kuondoka nilichukua kisu nikaukata mtande. Vidole viwili kabla ya mwisho. Nikamfunika Wilondja na kiramba kile. Hakikumtosha, miguu ilibaki nje. Babu yako nilimzika na shuka lake la kitandani. Desturi niliyoing'ang'ania mpaka ikamuua mwanangu niliivunja kwa mkono wangu kabla ya saa sita mchana, na hakuna kilichotokea. Hata upepo haukuvuma.

Nikakubeba mgongoni nikapanda mlima. Mama yako alitukuta njiani siku iliyofuata, anashuka kututafuta. Alituhesabu kwa macho.

"Wilondja iko wapi?"

Alinitazama usoni. Alijua. Alianguka chini, akajipiga kichwa kwenye udongo, wanawake wakamshika. Alipoinuka alikuwa na swali moja. "Balijuaje kama muko pale? Balikuwa bamepita. Batu yote banasema balikuwa bamepita."

Na wewe, mtoto wa miaka minane, unatetemeka homa, ukasema, "Ni miye, mama. Nilikohoa."

Mama yako akakutazama. Jicho lile unalikumbuka, najua. Kisha akanitazama mimi, akingoja niseme hapana. Alingoja, Sifa. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema hapana mara kumi. Nikatazama chini. Watoto wangu wawili walisema "ni miye" mbele yangu katika siku mbili, na wote wawili walisema mahali pangu.

Kimya changu hakikuishia kwako. Tuliporudi kijijini, nyumbani tulisema kikohozi, lakini wanaume wa kijiji walitaka kitu kikubwa kuliko kikohozi. Walisema lazima kuna mtu aliyewarudisha wale, aliyewaonyesha. Unamkumbuka yule baba wa ng'ombe wa kule chini, aliyetoka nyanda za juu, asiye Mubembe, mwenye kutuletea maziwa, aliyekuwa anakuita mukwe wake kwa mzaha? Walimwendea yeye. Mi nilikuwepo. Walimpiga kwa mipini ya majembe mbele ya mke wake mpaka jicho likatoka, wakachoma nyumba. Alikuwa ananitazama kwa lile jicho moja kwa sababu tulikuwa marafiki. Ningesema maneno manne tu, ni mimi niliyegonga mti, wangeacha kumtafuta msaliti. Sikusema. Aliondoka na ng'ombe watatu na sijapata habari yake tena. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na mimi kifo kiliumbua wengine kwanza.

Utaniuliza kwa nini. Siku ya kwanza ilikuwa hofu. Ya pili ilikuwa aibu. Baadaye, nisikudanganye, ilikuwa raha. Ndiyo, raha! Mama yako alikuwa ananipikia, ananihurumia, ananiita Papa Wilondja kwa sauti ya upole, na mtu anayehurumiwa huzoea. Tulipokuwa wakimbizi kule Kigoma niliwahi kuanza kusema. Nilisema, "Mama Wilondja, siku ile..." naye akanifunga mdomo kwa mkono akasema, "Usijiumize." Nikashukuru. Nilishukuru kwa moyo wote.

Na nilikuwa naona. Usifikiri sikuona. Niliona kwamba hajakusuka nywele tangu siku ile, unakwenda kusukwa kwa majirani. Niliona kwamba chakula chako anakiweka chini, hakupi mkononi. Niliona unaamka kabla yake kuchota maji, unafagia, unafua, unafanya kazi za wasichana watatu, unalipa kitu ambacho hukukopa. Nikaacha ulipe.

Sina mafundisho ya kukupa. Mtu kama mimi afundishe nini? Ila unakwenda kuwa mkunga, na hilo linanitia hofu kidogo. Mikono yako ni mizuri, niliijua tangu ilipokuwa inachana nyuzi, lakini mkono mzuri nao unateleza. Siku moja mtu atakufa mikononi mwako, mama au mtoto, na pengine itakuwa kosa lako. Sema saa ile ile. Sema kabla ya kunawa. Watakufokea, watakupiga pengine, lakini kitu hicho kitakuwa cha siku moja. Mi nimekiacha kikawa cha miaka minane, na kila mwaka kilikuwa kinadai mtu mwingine wa kukibeba.

Na kama huko Kalemie utaona mti wa rafia, kata jani moja la katikati. Utakumbuka la kufanya. Mimi sijagonga uzi tangu siku ile na sitagonga tena, lakini wewe hukufanya kosa lolote, na hakuna mti utakaokauka kwa sababu yako.

Bado sijamaliza. Nilitaka kukuachia barua hii tu, uisome ukiwa kwenye maji, mbali nasi. Nikaona huo nao ni uoga, maana ungejua wewe na mama yako asijue. Basi jioni hii, ulipokwenda kuaga wenzako wa kwaya, nilimwambia. Alikuwa anakunja vitenge vyako. Nilisema haraka haraka, nikiogopa kurudi nyuma: "Haikuwa kikohozi. Balikuwa bamepita, nikagonga, bakarudi. Na balipouliza nani anapiga, nilinyamaza, Wilondja akasema ni yeye."

Aliendelea kukunja kile kitenge, akakikunja, akakikunja, mpaka kikawa kidogo kama mkate. Kisha akauchukua mwiko wa bugali akanipiga. Mama yako, ambaye hajanipiga hata siku moja tangu nimuoe. Alinipiga usoni, mabegani, kichwani, na mi sikujikinga. Doa hilo hapo juu ya karatasi ni la pua yangu, usidhani ni matope. Uliporudi ukaniuliza nimepatwa na nini, nikakuambia nimejikwaa. Huo nao ni uongo, na ni wa mwisho.

Ulipokwisha kulala alikuja akasimama hapa, mbele ya meza. Nilidhani atanipiga tena. Aliniuliza kitu kimoja.

"Mutoto huyu anakohoaka wapi? Miaka minane sijamusikia anakohoa hata mara moja."

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba unatoka nje, unakwenda nyuma ya choo, unajifunga kitenge kinywani, hata wakati wa mvua, hata juzi ulipokuwa na mafua. Nilikuwa nakusikia kila mara na nilikuwa sitoki.

Mama yako ameingia chumbani kwako, ameketi chini kando ya mkeka, ameushika mguu wako kwa mikono miwili. Yuko hapo mpaka sasa ninapoandika. Mimi kesho sitafika ufukweni usiponiita, na usiponiita sitakulaumu. Ila ukiamka ukamkuta mama yako hapo, na kifua kimekubana, usitoke nje. Kohoa hapo hapo, mbele yake.

Baba yenu